Pamba kwenye kopo la dawa

Bibi mmoja wa Ngamiani alinikabidhi kopo la dawa la mjukuu wake nihesabu vidonge vilivyobaki. Nikalitikisa, halikulia. Ndani alikuwa amejaza pamba. Karatasi ya nje ameibandua yote, hadi gundi ameikwangua.

"Kwenye daladala linalia, mwanangu," akaniambia. "Na mlio huo watu wanaujua."

Mimi ni muuguzi mshauri kwenye kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI (VVU) hapa Tanga, CTC kama tunavyoiita sote. Siku ya watoto na vijana kwetu ni Jumamosi, wasikose shule. Walezi wengi wanaokuja siku hiyo ni bibi, mama wadogo na shangazi, na karibu kila mmoja ana pamba yake.

Mjukuu huyo ana miaka 13. Tangu apate akili ameambiwa dawa ni ya kifua. Mwaka uliotangulia virusi havikuonekana kwenye kipimo; safari hii wingi wa virusi ulikuwa umepita nakala 1,000 kwa mililita ya damu, kiwango kinachotufanya tuulize kama dawa inamezwa. Bibi akaapa kwamba anampa kila siku baada ya isha. Na kweli anampa. Mtoto alikuwa anakificha kidonge chini ya ulimi, kisha anakwenda kukitema chooni.

Tulipobaki wawili nilimuuliza kwa nini. "Kifua changu hakijawahi kuuma," akasema. Akanyamaza kidogo. Kumbe alishasoma jina la dawa hapohapo kliniki, akaliandika kwenye simu ya mjomba wake. Alijua muda mrefu. "Nilikuwa namsubiri bibi aseme."

Maneno hayo nimeyasikia kwa vijana wengi, kila mmoja kwa namna yake. Ndiyo maana nawasihi walezi wasingoje mtoto akue. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 kwamba watoto wa umri wa shule, miaka 6 hadi 12, waelezwe hali yao, na wadogo zaidi waelezwe hatua kwa hatua. Mtoto wa miaka mitano hahitaji neno VVU. Tunamwambia mwilini mna askari wanaomlinda, wapo wadudu wanaowashambulia askari hao, na dawa inawalaza wadudu. Hapo hakuna uongo. Akifika miaka minane atauliza: kama wamelala, mbona bado nameza? Tunamjibu kwamba ukiacha dawa wanaamka. Akikaribia miaka 10, kilichobaki ni jina tu, maana habari yenyewe anayo tayari. Lakini ukianzia na dawa ya kifua, siku ya kutaja VVU inabidi kwanza ukiri kwamba miaka yote hiyo ulimdanganya.

Anayehitaji kuandaliwa kwanza, kwa maoni yangu, ni mlezi. Bibi huyu hakuogopa neno VVU. Aliogopa swali litakalofuata: mama yangu aliupata wapi? Mama huyo ni binti yake aliyemzika. Alilia sana siku hiyo, nami sikumharakisha. Kisha tukafanya mazoezi, mimi nikawa mjukuu, nikamuuliza swali lilelile mara tatu. Mara ya tatu akajibu: "Sijui, mwanangu. Ninalojua, hakukupa kwa kupenda. Alikuwa anakubeba mgongoni kuja kliniki."

Alipomwambia mtoto, alitumia maneno hayohayo. Mimi nilikaa pembeni tu.

Upande wa dawa mambo yamekuwa mepesi kuliko zamani. Wadogo wana kidonge cha dolutegravir cha miligramu 10 kinachoyeyuka kwenye maji, na tumeachana na ile dawa ya maji chungu iliyowatapisha. Mwenye kilo 30 na zaidi kwa kawaida anameza kidonge kimoja kwa siku, na Ramadhani anaweza kukimeza baada ya futari, funga yake ikabaki salama.

Kinachonikosesha usingizi ni shule za bweni. Nimeona kijana aliyefanya vizuri miaka yote akaacha dawa muhula wa kwanza tu, kwa sababu tranka hufunguliwa mbele ya wenzake. Tunampa dawa za miezi mitatu, tunapanga tarehe ziangukie likizo, na tunakaa naye achague mtu mzima mmoja pale shuleni, matroni au mwalimu. Achague mwenyewe. Mlezi asimwendee mkuu wa shule kumweleza bila mtoto kukubali. Siri hiyo inalindwa na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, na mtoto akijua imevuja hatarudi kwako kuomba msaada.

Yule wa Ngamiani amejiunga na kikundi cha vijana wa Jumamosi. Mara ya kwanza alikaa karibu na mlango bila kusema neno, akawasikiliza wenzake wakielezana wanavyoficha dawa wakilala kwa ndugu. Tulirudia kipimo baada ya miezi mitatu ya ushauri, na virusi vimeshuka tena, havionekani.

Sasa kopo analileta mwenyewe, bibi anamfuata nyuma na mkoba. Pamba bado imo. Sijawaambia waitoe.