Kusoma Mlimani: Yasemwayo Visiwani na Ukweli Wake

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wengi wetu tumezoea kukiita Mlimani, ndicho kinachotajwa mwanzo kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, na ndicho kinachosemwa mengi yasiyo sahihi, mara nyingi na watu ambao hawajawahi kukanyaga hapo. Baadhi ya maneno hayo humpeleka mwanafunzi pasipomfaa, na mengine humzuia kwenda palipomfaa. Yote mawili ni hasara, kwa sababu chuo huchaguliwa na familia nzima, kwa akiba ya familia nzima, na aliyekosea hapati urahisi wa kuanza upya. Nimeyakusanya yale yanayosikika sana Unguja na Pemba. Msimamo wangu nausema mapema: Mlimani ni chuo kizuri sana kwa kijana wa Kizanzibari aliyekichagua kwa sababu ya kozi, na kinaweza kuwa taabu tupu kwa aliyekichagua kwa sababu ya jina.

Dhana: Ukishaingia Mlimani, kozi yoyote itakufaa, kwani jina la chuo litakubeba.

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote. Chuo hiki kilianza Oktoba 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na somo la kwanza kufundishwa lilikuwa sheria. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Tangu hapo kimezaa vyuo vingine. Kitivo chake cha kilimo kilichokuwa Morogoro kilikuwa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, na mwaka 2007 Muhimbili na Ardhi navyo vikapata hadhi ya vyuo vikuu vinavyojitegemea. Kwa hiyo kijana anayetaka usanifu wa majengo au upimaji wa ardhi anapaswa kuangalia Ardhi, na anayetaka udaktari atazame Muhimbili iliyopo Upanga.

Mlimani nako kuna chuo cha afya, lakini kiko Mbeya, na Mbeya iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Mzee aliyekubali mwanawe akasome Mlimani kwa kuwa boti ni saa mbili tu, akagundua baadaye kwamba mtoto anapanda basi la kutwa nzima kuelekea Nyanda za Juu Kusini, hakudanganywa na mtu, bali hakusoma maelezo ya kozi. Hali ni hiyo hiyo kwa ualimu, ambao sehemu yake hufundishwa katika vyuo vishiriki vya Chang'ombe na Iringa, na kwa kozi za kompyuta, ambazo ziko Kijitonyama na si kule kilimani. Mwongozo unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huonesha kila kozi, chuo chake na sifa zake za kuingilia, na kuusoma huo ni kazi ya jioni moja.

Inafaa pia kukumbusha kwamba jumla ya alama 4 katika masomo mawili ya msingi, ambazo ndizo kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza nchini, hazimhakikishii mtu nafasi. Kozi zinazogombewa, kama uhandisi na sheria, huchukua wenye alama za juu zaidi kuliko hizo.

Dhana: Mzanzibari hana haja ya kuvuka bahari kwenda kusoma Kiswahili.

Fahari iliyomo ndani ya maneno haya naielewa, na ina msingi. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kukisanifisha. Kinachosahaulika ni kwamba mrithi wa kamati ile yuko Mlimani. Kazi yake iliingizwa chuoni mwaka 1964, ikaitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1970, na tangu 2009 ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, maarufu kwa jina la TATAKI. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ambayo imo katika skuli zetu nyingi, ilitoka katika taasisi hiyo.

Kukizungumza Kiswahili tangu utotoni ni jambo moja, na kukichambua fonolojia, mofolojia na sintaksia yake, yaani sauti, maumbo ya maneno na muundo wa sentensi, ni jambo jingine. Mwanafunzi anayeingia semina akitegemea usemaji wake mzuri tu hushangaa anapopitwa na mwenzake wa kutoka Mwanza au Songea, aliyejifunza sanifu darasani na kwa hiyo anazijua kanuni zake kwa majina. Lakini mtu aliyelelewa Micheweni, Tumbatu au Makunduchi anabeba kitu ambacho hakipatikani maktabani: sikio la lahaja hai. Anasikia tofauti ya kauli ya mzee wa Konde na ya kijana wa Mkoani, na tofauti hiyo ni tasnifu nzima ikipata mbinu za utafiti na msimamizi mzuri. Kwangu mimi hii ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote ya kijana wa visiwani kuichagua Mlimani, na inasikitisha kwamba ndiyo inayotajwa kwa nadra. Anayependa kubaki nyumbani naye hakukosa, kwani Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, yaani TAKILUKI, imekuwapo Unguja tangu 1979 na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA).

Dhana: Anayebaki SUZA ni yule aliyekosa nafasi Dar es Salaam.

Si kweli, na si haki. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kikaanza kufundisha mwaka 2001. Kina kampasi kuu Tunguu na kampasi nyingine kadhaa, ikiwemo ya Pemba. Kwa kozi nyingi anayelala kwao, akala kwao na kusoma Tunguu hapotezi kitu. Na wapo wanaodhani kwamba elimu ya bahari lazima wakaitafute Bara, ilhali Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Mlimani yenyewe, inayojishughulisha na utafiti na shahada za juu, iko hapa hapa Unguja, Buyu.

Dhana: Serikali yote iko Dar, hivyo ajira iko Dar.

Wizara za Muungano zimehamia Dodoma. Kilichobaki Dar es Salaam ni kingi bado: bandari kuu ya nchi, Soko la Hisa, hospitali ya Muhimbili, makao ya benki na kampuni nyingi, magazeti na redio. Hivyo ndivyo vinavyomfaa mwanafunzi, hasa wakati wa mafunzo kwa vitendo, lakini havimpi mtu ajira kwa kuwa tu alisoma jirani navyo.

Dhana: Binti akipelekwa Dar atapotea, na dini yake itapotea.

Wazee wanaosema hivi hawasemi kwa ubaya. Wanaogopa mji mkubwa, na mji ule ni mkubwa kweli. Hata hivyo, wasichana wa Kiislamu kutoka pande zote za nchi wanasoma Mlimani wakiwa na hijabu zao. Msikiti upo ndani ya eneo la chuo, na mwezi wa Ramadhani wanafunzi hujipanga kufuturu pamoja. Kinachomyumbisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe msichana au mvulana, mara nyingi ni upweke pamoja na kukosa utaratibu wa kusoma. Akipata wenzake wa kukaa nao kwenye vimbweta, yale mabenchi na meza za zege zilizo chini ya miti, wakapitia pamoja maswali ya mitihani iliyopita mpaka magharibi, amepata nusu ya ulinzi anaouombewa na wazee wake. Nusu ya pili ni simu ya nyumbani inayopigwa kwa kuulizia masomo, si kwa kushuku tu.

Dhana: Mlimani ni chuo cha Wabara, na Mzanzibari aliyekwenda huko harudi.

Historia inaonesha vingine. Maalim Seif Sharif Hamad, mwana wa Mtambwe, Pemba, alihitimu Mlimani mwaka 1975 katika sayansi ya siasa, na maisha yake yaliyobaki aliyatumia katika siasa za Zanzibar. Profesa Haroub Othman alifundisha Mlimani kwa miongo mingi, na hilo halikumzuia kuanzisha Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar mwaka 1992. Profesa Abdul Sheriff alifundisha historia huko kabla ya kuja kusimamia makumbusho ya Zanzibar. Hata noti ya shilingi 500 iliyokuwa ikitumika miaka ya mwanzoni mwa 2010 ilikuwa na sura ya Mzee Abeid Amani Karume upande mmoja na Ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani upande wa pili. Wapo wasiorudi, bila shaka, lakini hao huzuiwa na uchache wa kazi huku, na hilo halitatuliwi kwa kumnyima kijana chuo.

Dhana: Hosteli ipo, mtoto atalala chuoni.

Hosteli zipo, lakini wanafunzi ni wengi kuliko vitanda. Mwaka 2017 zilifunguliwa hosteli za Magufuli, majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, na bado kila mwaka kuna wanaokosa. Wapo wanaoishia kubebana, yaani wawili katika kitanda cha mmoja. Wengine hupanga vyumba Changanyikeni, Msewe, Makongo, Sinza au Mabibo, ambako wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali hutaka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Fedha hiyo lazima iwe tayari kabla ya mtoto kupanda boti, hasa anayetokea Pemba, ambaye hulipa nauli ya Mkoani hadi Malindi, Unguja, na kisha ya Malindi hadi Dar es Salaam. Asitegemee bumu la mkopo, maana fedha za kujikimu zinaweza kuchelewa wiki za mwanzo, na mwenye nyumba hasubiri.

Dhana: Mkopo wa Bara hautolewi kwa Wazanzibari.

Elimu ya juu ni miongoni mwa mambo ya Muungano, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupokea maombi ya Watanzania wa pande zote mbili. Zanzibar nayo ina Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mwanafunzi mmoja halipiwi na bodi zote mbili kwa wakati mmoja, hivyo asome vizuri masharti ya kila moja kabla ya kuamua. Ajue pia kwamba huu ni mkopo na si zawadi: bodi ya Muungano hukata asilimia 15 ya mshahara wa mwajiriwa mpaka deni liishe.

Linalowakwamisha watu wetu mara nyingi ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji aliyezaliwa Zanzibar huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na aliyefiwa na mzazi hutakiwa kuhakiki pia cheti cha kifo. Aliyeandikwa Hamisi katika cheti cha kuzaliwa na Khamis katika cheti cha mtihani, au ambaye jina la babu limo katika cheti kimoja na halimo katika kingine, anahitaji muda wa kulisawazisha. Marekebisho hayo yaanzwe mwanafunzi angali kidato cha sita, kwa sababu dirisha la maombi likishafunguliwa, foleni ya wakala inakuwa ya kila mtu.