Mbwa mdogo wa kulinda: maana yake na matunzo yake

Hapa Lubumbashi, mtu akisema ana mbwa wa kulinda lupango, yaani uwanja wa nyumba wenye uzio, wengi humwazia mbwa mkubwa anayefungwa mnyororo mchana kutwa na kufunguliwa usiku ili amrukie mwizi. Mbwa mdogo wa kulinda ana kazi nyingine kabisa: husikia mapema, hubweka kwa sauti kali, na huwaamsha wenye nyumba pamoja na zamu, yaani mlinzi, aliyesinzia getini. Kumkabili mwizi baada ya hapo ni kazi ya binadamu.

Mfano unaojulikana sana ni Schipperke, mbwa mweusi wa Flanders nchini Ubelgiji, mwenye uzito wa kilo 3 hadi 9, masikio yaliyosimama wima na uso kama wa mbweha. Alilinda maduka na mashua za mizigo, akaua na panya humo. Mwaka 1885, mwaka uleule ambao Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alijifanya mfalme wa Dola Huru la Kongo, mkewe, Malkia Marie-Henriette, alijipatia mmoja, na mbwa wa mafundi na wenye maduka akaanza kutafutwa na matajiri.

Thamani ya mbwa wa namna hii ni kuaminika kwa sauti yake. Nyumbani kwetu Katuba tulikuwa na mbwa mdogo wa kienyeji aliyelala juu ya gunia chini ya dirisha la jikoni. Usiku, sikio moja lilisimama kwanza, kichwa kikafuata, akanguruma kidogo, ndipo akabweka. Lakini baba alipogusa mlango wa bati, mkia ulianza kutikisika hata kabla ufunguo haujaingia. Alipobweka, tuliamka. Mbwa anayefungwa siku nzima hubweka kwa sababu ya kuchoshwa, hubwekea kila pikipiki inayopita, na baada ya mwezi mmoja hakuna anayemsikiliza. Kwa maoni yangu mnyororo huo huharibu mlinzi kuliko njaa.

Basi matunzo yake huanza utotoni, kwa kumzoesha wageni, watoto na kelele za mtaa katika miezi mitatu ya kwanza. Atembezwe kila siku. Bukari (ugali) peke yake haimtoshi: aongezewe samaki, dagaa au nyama, bila vitunguu, na bila mifupa iliyopikwa, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha kali. Asinenepeshwe, maana uzito huumiza magoti ya mbwa mdogo. Manyoya mazito kama ya Schipperke yachanwe kila wiki, na kupe watafutwe masikioni na katikati ya vidole. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala: ya kwanza apewe akiwa na miezi mitatu, kisha irudiwe kwa tarehe atakazoandika daktari wa mifugo.

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku inapoingia kwenye saruji, alale juu ya ubao au gunia kavu, karibu na mlango anaoulinda.