Chokaa kwenye marudio: yanayosemwa Chunya na ukweli wake

Ukipita kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, huku Chunya mkoani Mbeya, vilima vya marudio, yaani mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa, viko kila kona na kila mtu ni mtaalamu. Haya ndo yanayosemwa sana.

"Yashachenjuliwa, umebaki mchanga tu." Wapi! Iliyotoka ni dhahabu. Mawe ya Lupa, eneo la dhahabu la huku, yana pairaiti, madini ya chuma na salfa, ile inayong'aa mpaka mgeni anaidhania dhahabu, na ikishasagwa ikawa unga, ikapata hewa na mvua, inazaa asidi ya salfa, asidi inayeyusha shaba, zinki na risasi, vyote vinashuka korongoni kuelekea bonde la Rukwa, na ziwa lile halina mto unaotoa maji nje. Halafu mtu anakwambia mbona maji ni meupe tu, kana kwamba risasi iliyoyeyuka ina rangi.

"Mwaga chokaa, kila kitu kinatulia." Hapa ndo watu wanapotea. Chokaa inaua asidi kweli, pH (kipimo cha asidi, chini ya 7 ni asidi) ikifika kama 9 shaba na zinki nyingi zinaganda zinakuwa tope. Ila ukijaza mifuko bila kupima, pH ikapita 11, zinki na risasi zinaanza kuyeyuka upya. Aseniki, sumu nyingine inayoweza kuwemo, ndo mkorofi kabisa, pH ikipanda yenyewe inaachia, inataka chumvi za chuma ili ishikwe na ile kutu inayojitengeneza. Risasi inashikwa vizuri na fosfeti, ile ya kwenye mbolea, wanaungana wanakuwa madini magumu sana kuyeyuka, sasa fosfeti hiyohiyo inaibandua aseniki kwenye chuma, kwahiyo marudio yako yakiwa na vyote viwili ukamwaga fosfeti kichwakichwa umefunga mmoja umefungulia mwingine. Peleka sampuli maabara kwanza jamani, kabla hujanunua hata mfuko mmoja.

"Mbona chokaa tuliweka kwenye vati?" Vati ni tangi la kuloweshea marudio kwenye sayanaidi, sumu inayoyeyusha dhahabu, na chokaa ile ilikuwa ya kuweka pH juu ya 10 ili sayanaidi isigeuke gesi ikawaua. Haikupigiwa hesabu ya pairaiti itakayoendelea kutoa asidi miaka na miaka.

"Zebaki iliisha kwenye kuchoma." Inayochomwa ni ile iliyoshika dhahabu, nyingine inabaki kwenye marudio vitone vidogo huvioni. Yakiuzwa plenti, mitambo ya kuchenjua, yakaloweshwa sayanaidi bila kuitoa kwanza, sayanaidi inaiyeyusha na kuipa miguu. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia 2020, umeitaja kazi hiyo kati ya zinazotakiwa kukomeshwa. Kuituliza zebaki inatumika salfa, inarudi kuwa salfaidi, kama inavyokaa kwenye mwamba wake.

"Yakishatibiwa metali zimeisha." Hazijaenda popote. Ukipima jumla utakuta risasi ileile, kilichopungua ni inayotoka na maji, kwahiyo kipimo chenyewe ni kutikisa sampuli kwenye asidi hafifu, mara nyingi masaa 18, ndo upime yale maji. Karatasi inayoonyesha jumla peke yake haikwambii kama tiba imefanya kazi.

Na wa "basi tupande mahindi juu", hapana. Pairaiti bado imo ndani, jembe linaifungulia hewa, na vumbi la kiangazi mnalivuta wenyewe. Funika kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, chimba mtaro wa kuyazungusha maji ya mvua, na kila msimu pima maji ya chini ya kilima.