Hisi ya sumaku ya kasa

Hisi ya sumaku ni uwezo wa mnyama kutambua uga wa sumaku wa dunia, yaani nguvu ya sumaku inayoizunguka dunia, na kuutumia katika safari zake. Kwa kasa wa baharini hisi hiyo ni dira, humwonyesha upande wa kwenda. Ni ramani pia, na hapo ndipo pa kustaajabia hasa. Nguvu ya uga na pembe yake na ardhi hutofautiana mahali na mahali, naye kasa huvihisi vyote viwili, akajua yuko wapi.

Mtafiti Kenneth Lohmann na wenzake huko Marekani waliwapima watoto wa kasa waliotoka kwenye viota vya Florida. Kila mtoto alivishwa mkanda mwilini, akaachwa aogelee ndani ya tangi lililozungukwa na koili za umeme, yaani nyaya zilizoviringwa ambazo hutoa uga wa sumaku umeme unapopita. Uga wa koili ulipofananishwa na ule wa Atlantiki karibu na Ureno, watoto waligeukia kusini. Baharini, upande huo ungewaepusha na maji baridi ya kaskazini yanayoua. Na hawa walikuwa hawajawahi kuogelea baharini! Walizaliwa wakijua.

Hisi hiyohiyo ndiyo inayoaminika kumrudisha jike kutaga katika pwani alikototolewa, baada ya miaka 20 au zaidi.

Mwanzo wa safari, hata hivyo, hutegemea macho. Mtoto akichimbuka usiku hufuata upeo wenye mwanga ulio chini, ambao kwa kawaida ni bahari. Taa za majengo ya ufukweni humvuta nchi kavu, akafia huko, na inauma kwa sababu dawa yake ni kuzima taa tu. Akishaingia majini huogelea akiyakabili mawimbi.

Pua yake hunasa harufu hata za hewani. Masikio hayaonekani kwa nje, yamefunikwa na ngozi, lakini husikia sauti nzito, hasa za chini ya hezi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde).

Kuhusu mawasiliano, kwa muda mrefu kasa alihesabiwa bubu. Sivyo. Vinasa sauti vilivyowekwa viotani vimenasa sauti za watoto wakiwa bado ndani ya mayai. Watafiti wengi wanadhani sauti hizo huwasaidia kutoka kwa wakati mmoja, na faida yake ipo wazi, maana wakichimba mchanga kwa pamoja kila mmoja hutumia nguvu kidogo kuliko angechimba peke yake.