Ngumbaru, Mwalimu na mizani ya pamba: tunayoyakosea Kanda ya Ziwa

Juzi nilikuwa mwaloni Kirumba, mama mmoja muuza dagaa akaniomba nimsomee ujumbe wa pesa kwenye simu. Nikamuuliza kama hajafikiria ngumbaru, kisomo cha jioni cha watu wazima. Akacheka. "Mwanangu, kusoma kunataka kichwa cha Nyerere, tena ukianza ungali mdogo. Sisi imeshapita."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi hapa Mwanza, na karibu kila mara Mwalimu anatolewa mfano wa kinyume kabisa na alivyoishi.

"Nyerere alianza shule mapema"

Alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alipoingia shule ya Mwisenge, Musoma, ulikuwa mwaka 1934, ana miaka 12, ametoka kuchunga. Nyumbani walizungumza Kizanaki. Kiswahili alikwenda kujifunzia shuleni. Yapo masimulizi kwamba aliyemshauri baba yake, Chifu Burito, ampeleke shule ni chifu mwenzake, baada ya kumwona kijana anavyocheza soro, lile bao la kwao. Leo mtoto wa miaka 12 asiyejua a-e-i-o-u tungeshamkatia tamaa.

"Alimaliza kusoma, ndipo akaanza siasa"

Alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora, halafu mwaka 1949, mtu mzima wa miaka 27 mwenye kazi yake, akapanda kwenda Edinburgh kuwa mwanafunzi tena. Akarudi 1952. TANU ikazaliwa 1954.

Ila mimi huwa napenda zaidi yaliyofuata. Tafsiri yake ya Shakespeare, Julius Caezar, ilitoka 1963, yeye akiwa Rais. Wengi wetu tungeishia hapo na kupigiwa makofi. Yeye aliirudia, akaisahihisha, ikatoka upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Nchi changa, Azimio la Arusha lina miaka miwili, na Rais anakaa kupanga mizani ya mistari! Alipostaafu akazigeuza Injili kuwa tenzi.

"Elimu ya watu wazima ilikuwa ya kufundisha watu kuandika majina yao"

Hii ndiyo inayoniuma, kwa sababu mambo yenyewe yalitendeka hapahapa kwetu.

Mwaka 1964, akieleza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Nyerere alisema tuanze na watu wazima, kwa kuwa matunda ya kusomesha watoto yangechukua miaka mitano, kumi, hata ishirini kuonekana kwenye uchumi. Mwaka 1968 ukaanza mradi wa kisomo ukisaidiwa na UNESCO, makao yake Mwanza, ukihudumia mikoa ya ziwa. Mwanafunzi hakupewa kitabu cha mtoto. Mkulima alifundishwa herufi kwa kitabu cha pamba, wa Bukoba kwa ndizi, mvuvi kwa uvuvi. Kiliitwa kisomo chenye manufaa. Mwaka 1971 Ukerewe ikawa kati ya wilaya sita zilizopewa kazi ya kufuta ujinga wa kusoma kabla ya nyingine.

Na pamba haikuwa mfano wa kuokoteza. Ushirika wa wakulima wa kanda hii, uliokuja kuwa shirikisho chini ya Paul Bomani mwaka 1955, ulikua juu ya malalamiko ya mizani: unapeleka mzigo, anayepima anajua kusoma namba, wewe hujui.

Bibi yangu wa Ukerewe alijifunza kwa kitabu hicho cha pamba. Daftari lake ninalo. Kurasa za mwanzo herufi zimepanda mlima na kushuka bondeni. Ukifika karibu na mwisho unakuta safu mbili: kilo alizopima nyumbani, na kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi ya kituo. Mstari wa saba amezungushia duara kwa nguvu hadi karatasi imetoboka.

"Ngumbaru ni tusi"

Wapo waliolitumia hivyo, sibishi. Bibi alikuwa akisema "nakwenda ngumbaru" kama mtu anayesema anakwenda kanisani.

"Yote yale yalishindwa"

Takwimu za serikali zinasema wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67 mwaka 1967, asilimia 39 mwaka 1975, na chini ya 10 mwaka 1986. Unaweza kubishana na jinsi watu walivyopimwa, na kweli waliofaulu hawakuwa sawa wote. Lakini kushuka kwenyewe kulikuwapo. Kilichofuata baadaye si uvivu wa watu, kama tunavyopenda kusema. Miaka ya 1980 uchumi ulibana, karatasi ikawa adimu, walimu wa kujitolea wakachoka. Kanda ya Ziwa ilikuwa na gazeti lake la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, asipopata cha kusoma kijijini, zile herufi humtoka taratibu.

Haya yote nilimweleza yule mama huku anachambua dagaa. Edinburgh haikumshtua, wala Shakespeare. Alisimamisha mkono nilipofika kwenye zile safu mbili.

"Na kilo zake alirudishiwa?"

Alirudishiwa nne.