Mtoto wa paka mgonjwa amelala kwenye boksi lako: maswali ya walezi wa Arusha

Kituo cha wanyama kikijaa, wa kwanza kuumia ni watoto wa paka. Ndiyo maana baadhi yetu hapa Arusha huwachukua nyumbani kwa wiki chache, tukawauguza kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, na wakishapona wakatafutiwa wenyewe. Mimi nafanyia kazi hiyo kwenye chumba cha uani, mtaani Sakina. Si daktari. Haya ni maswali ninayorushiwa na majirani na walezi wapya, mengi yao usiku wa manane.

Kwa nini wasitibiwe hukohuko kituoni?

Kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama yake huanza kupungua akiwa bado na wiki chache, na chanjo ya kwanza huchomwa akiwa na wiki 6 hadi 8. Hapo katikati hana ulinzi wa kutosha. Kituoni paka mmoja akipiga chafya, taulo, bakuli na mikono ya wahudumu humalizia kazi. Isitoshe, kati ya wiki ya 2 na ya 7 ndipo paka anapojifunza kuwa binadamu si adui. Akizikaa wiki hizo peke yake kwenye kizimba, atakuwa paka wa kukimbia watu.

Nimeletewa mmoja, wa baridi kama jiwe. Nimpe maziwa?

Hapana! Hili ndilo kosa linaloua wengi, na wanaolifanya ni watu wenye huruma.

Mtoto wa paka wa chini ya wiki 4 hawezi kujitunzia joto la mwili. Akipoa, utumbo nao husimama, maziwa yakakaa tumboni bila kusagwa. Kwa hiyo kwanza joto, halafu chakula. Mtie kifuani ndani ya nguo zako, mfunike na khanga, mpashe taratibu kwa saa moja au zaidi. Kisha mwandalie boksi: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa kizito upande mmoja, na upande wa pili uache wazi ili joto likizidi ajivute. Mji huu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai chupa hupoa upesi kuliko unavyodhani. Weka saa ya kukuamsha.

Jiko la mkaa usiliingize chumbani. Hewa yake ya sumu haichagui kati yako na paka.

Akishapata joto, maziwa ya ng'ombe yanafaa?

Yatamharisha, na kwa kiumbe wa gramu 200 kuhara ni kuishiwa maji kabla hakujakucha. Yanayofaa ni maziwa ya unga ya watoto wa paka. Ulizia kwa daktari wa mifugo, kwani madukani huadimika. Ukikwama kabisa, maziwa ya mbuzi yanaweza kukuvusha siku moja au mbili, lakini usimkuzie hayo.

Mlishe akiwa amelala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama yake. Usimlaze chali kama mtoto mchanga wa binadamu: maziwa yataingia kwenye mapafu. Ukitumia bomba la sindano (bila sindano, jamani), mdondoshee tone kwa tone. Wiki ya kwanza hula kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana; wiki ya 3, kila saa 4 au 5. Kabla hajafikisha wiki 3 hawezi kukojoa bila kusaidiwa, kwa hiyo kila baada ya mlo mpapase sehemu za siri kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe.

Nitajuaje kama anaendelea vizuri?

Mizani ya jikoni. Huzaliwa na gramu 100 hivi na anapaswa kuongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku. Mpime saa ileile kila siku, uandike. Asipoongezeka siku moja, mwangalie kwa karibu. Akipungua, mpigie daktari siku hiyohiyo. Macho yetu hudanganywa na manyoya, gramu hazidanganyiki.

Ana makamasi na tongotongo zimembandika macho. Si mafua tu?

Ni mafua, ila ondoa hilo neno "tu". Mara nyingi husababishwa na virusi viwili, kile cha hepesi ya paka na kile cha kalisi (calicivirus), kisha bakteria huja kujazia. Paka hula kwa kufuata harufu. Pua ikiziba anaona chakula kama udongo, hali, na njaa inammaliza kabla ya virusi.

Macho yalainishe kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, ukifuta kutoka ndani kwenda nje, pamba mpya kwa kila jicho. Usilivute kwa nguvu. Dawa ya jicho aandike daktari, kwa sababu baadhi ya matone ya binadamu yana steroidi inayoweza kuharibu jicho lenye kidonda. Kwa pua, mfungie bafuni penye mvuke wa ndoo ya maji ya moto kwa dakika 10, ndoo ikiwa mbali naye. Najua tulivyozoea nyungu, lakini kwake ni maji matupu: mikaratusi na mafuta ya kuchua kifua ni sumu kwa paka.

Kama amevuka wiki 4, chemsha dagaa bila chumvi wala kitunguu, wasage na supu yao, umpe vikiwa vuguvugu. Harufu ya dagaa imeniokolea wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kitunguu huharibu damu ya paka, kwa hiyo usimpe supu ya chungu cha nyumbani. Wala usimpe ugali mtupu. Paka ni mla nyama.

Akihema kwa mdomo, au akishinda siku nzima bila kula, ondoka naye kwenda kwa daktari.

Ana homa. Robo ya Panadol?

Hata chembe. Ini la paka haliwezi kuivunja paracetamol. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni, fizi zikageuka rangi ya matope, akafa. Ibuprofen na diclofenac nazo mwiko.

Tukiwa hapohapo kwenye kabati lako: Dettol usiogeshee paka wala kufutia boksi lake, maana huilamba kwenye miguu na ni sumu kwake. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin humtetemesha mpaka afe. Na ile ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe, ambayo kuna wanaoisifia, iache zizini. Mtoto mwenye viroboto mwoshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, ukianzia shingoni ili wasikimbilie usoni, umkaushe papo hapo, umchane kwa kitana chenye meno ya karibu. Fizi zikiwa nyeupe, viroboto wameshamnywa damu. Hiyo ni dharura.

Anatapika, anaharisha, amejikunyata mbele ya maji wala hanywi.

Acha kusoma, nenda kwa daktari. Huenda ni pavo ya paka, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo. Mwaka mmoja nilipoteza wanne kwa siku tatu, na kilichonisumbua zaidi ni kwamba kirusi hiki hukaa ndani ya nyumba hata mwaka mzima na sabuni haikiui. Jik hukiua: ile ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa vipimo 20 vya maji, juu ya sehemu iliyokwisha kuoshwa, iachwe dakika 10, kisha suuza na ukaushe. Mabulangeti niliyachoma.

Nina paka wangu mkubwa.

Chumba tofauti, vyombo tofauti, siku 14. Na huyo mkubwa awe amechanjwa.

Mimi na watoto tutaambukizwa?

Mafua yake hapana. Choa ndiyo, na watoto hulipata upesi, wakaja na mapunye kichwani. Minyoo pia, kwa hiyo mikono ioshwe; kitoto hupewa dawa ya minyoo kuanzia wiki ya 2, akarudiwa kila wiki 2, kwa kipimo cha daktari kulingana na uzito. Mama mjamzito asisafishe choo cha paka, na wengine wasafishe kila siku, kwa sababu vimelea vya toksoplasma huchukua siku 1 hadi 5 kinyesini kabla ya kuweza kuambukiza. Maranda ya seremala yanatosha kwa choo.

Akikuuma au kukuparura, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali uulizwe habari za chanjo. Kichaa cha mbwa hakiishii kwa mbwa.

Lini yuko tayari kuondoka?

Wiki 8 na kuendelea, karibu kilo 1, anakula mwenyewe, choo kigumu, chanjo ya kwanza imeshachomwa, na amemaliza dawa bila dalili kurudi kwa wiki mbili. Watu watakubembeleza umtoe akiwa na wiki 5 kwa kuwa ndipo anapopendeza. Kataa.

Na huyo mwenyewe mpya nimwambie nini?

Ukweli wote, kwenye karatasi: dawa alizotumia, tarehe za chanjo zilizobaki (hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi apate miezi minne, na ya kichaa cha mbwa kuanzia wiki 12), na kuhasiwa au kufungwa kizazi akikaribia miezi minne. Kama alikuwa na mafua ya hepesi, andika kwamba kirusi hubaki mwilini maisha yake yote na chafya zinaweza kurudi akihamishwa au akitishwa, mara nyingi zikaisha zenyewe. Usipoliandika hilo, wiki ya pili utagongewa geti saa nne usiku na mtu mwenye boksi mkononi.