Ukipunguza Kalori, Jeni za Mafuta Hufanya Nini?

Katika ukoo wetu karibu kila mtu ni mnene. Nikila kidogo, jeni zangu zitabadilika?

Jeni ulizorithi hubaki zilivyo. Kinachobadilika ni kiasi ambacho mwili unazitumia. Jeni ni maagizo ya kutengeneza protini, na kila seli husoma yale tu inayoyahitaji kwa wakati huo. Mtu anapokula kupita mahitaji yake, insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, hupanda, na jeni zinazouamuru mwili kutengeneza na kuhifadhi mafuta husomwa kwa wingi. Anapopunguza chakula, insulini hushuka, jeni hizo hutulia, na vimeng'enya vinavyovunja akiba ya mafuta hupata nafasi ya kufanya kazi.

Mafuta hayo huenda wapi?

Hupelekwa na damu hadi kwenye misuli na ini, yakachomwa huko. Wengi hudhani kwamba hutoka kwa jasho au kwa choo, na wauzaji wa chai za kukata kitambi hawana haraka ya kuwasahihisha. Katika kila kilo 10 za mafuta yaliyochomwa, takriban kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ya kaboni dayoksaidi. Zinazosalia huwa maji.

Je, niache ugali au niache mafuta?

Wanawake wanene waliofuatiliwa Ulaya kwa wiki 10 walipunguziwa kalori, wengine wakila mafuta machache zaidi na wengine wanga kidogo zaidi, na mabadiliko ya jeni katika mafuta yao yalifanana. Jumla ya kalori ndiyo iliyokuwa na uzito. Hata hivyo, hebu simama kando ya kibanda cha chakula hapa Nairobi saa saba mchana utazame chapati ikipikwa: kijiko cha mafuta upande huu, inageuzwa, kijiko kingine upande wa pili, na ndengu za kuliwa nayo zimekwisha kukaangwa. Kijiko kimoja cha mezani kina kalori kama 120 ambazo mlaji hazioni kwenye sahani. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kuugusa ugali.

Mbona nikishapungua uzito hurudi?

Seli za mafuta hutoa leptini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuarifu ubongo kuhusu akiba iliyopo. Mafuta yakipungua, leptini nayo hupungua, na ubongo, ukidhani kuna njaa, huongeza hamu ya kula na kubana matumizi ya nishati. Watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha mwaka 2011 kwamba homoni za njaa zilikuwa bado zimevurugika mwaka mmoja baada ya watu kupungua. Isitoshe, seli za mafuta husinyaa tu. Idadi yake haipungui. Kwa hiyo anayesemwa kuwa hana nidhamu huenda anashindana na mwili wake mwenyewe, na kupunguza polepole chakula ambacho ataweza kudumu nacho kunamfaa kuliko kujishindisha njaa.

Nani asijaribu peke yake?

Wajawazito, wanaonyonyesha, na wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari. Hao wamwone daktari kwanza, kwa sababu dozi ileile pamoja na chakula kidogo inaweza kuishusha sukari hadi mtu akazimia.